Redio ya Mwalimu: Kiswahili Katika Vita vya Madola Makuu

Wahenga walisema kwamba wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii imetumiwa mara nyingi mno kueleza hali ya mataifa machanga ya Afrika wakati wa Vita Baridi, hata imekaribia kuchakaa. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo methali hii hailisemi. Ndovu wa zama hizo, kabla ya kuzikanyaga nyasi, walijifunza kwanza lugha yazo. Marekani na Muungano wa Kisovieti, pamoja na washirika na wapinzani wao, walifika Afrika Mashariki kwa sauti kabla hawajafika kwa misaada na silaha, na sauti hiyo ilikuwa ya Kiswahili.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye makazi yake ni kijiji kisicho mbali na mji wa Kisumu, anayajua haya si kwa kuyasoma vitabuni bali kwa kuyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Sebuleni mwake, juu ya kabati la vyombo, pana redio kuukuu ya mbao iliyokuwa ikitumia betri kubwa. Redio hiyo haijatoa neno kwa zaidi ya miaka thelathini. Kitambaa cha mbele kimeliwa na mende, na kile kishale kilichokuwa kikitembea juu ya majina ya miji kimekwama pembeni. Wana wa Mwalimu wamejaribu mara kadhaa kuiondoa, naye amekataa. Wageni hudhani ni pambo tu.

Likizo moja alijiwa na mjukuu wake, binti anayesomea Kiswahili chuoni, akiwa na swali alilopewa kwa ajili ya semina: je, istilahi za siasa katika Kiswahili, mathalani ubeberu, ubepari, mapinduzi na ukombozi, zilienea kwa njia gani? Binti huyo alitarajia babu yake amtajie kamusi au ripoti ya baraza fulani la lugha. Mzee aliinua mkono akaelekeza kidole juu ya kabati.

"Zilipitia pale," akasema.

Mwalimu alizaliwa mwaka wa 1943. Shule aliyosomea katika miaka ya 1950 ilikuwa na desturi iliyojulikana kote nchini. Mtoto aliyenaswa akizungumza lugha isiyo Kiingereza alivishwa kibao shingoni, naye akakaa nacho kwa fedheha mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Kibao hakikubagua baina ya Kijaluo na Kiswahili. Kwa wakuu wa shule, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, wapagazi na watumishi wa nyumbani, na hakikufaa kichwa cha mtoto aliyetarajiwa kuwa karani. Mnamo 1957 ulianza kujaribiwa jijini Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Katika mwaka huohuo, tarehe 27 Juni, Shirika la Utangazaji la Uingereza lilianzisha matangazo yake ya Kiswahili kutoka London. Mtawala aliyekuwa akikibana Kiswahili mchana darasani alikitumia usiku hewani.

Kwa nini London ikaona haja hiyo? Jibu halikuwa mbali. Tangu 1954 redio ya Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, na katika matangazo hayo Misri ya Gamal Abdel Nasser iliwaita Waingereza wavamizi, ikawasifu wapiganaji wa Mau Mau na kuwahimiza wenyeji wadai nchi zao. Baada ya mgogoro wa Suez wa 1956, sauti hiyo ilizidi kuwa kali. Waingereza walikuwa na magereza na kambi za kuwafungia watu, lakini hawakuwa na gereza la kufungia mawimbi ya redio.

Baba mdogo wa Mwalimu alikuwa mchuuzi wa samaki aliyezoea kwenda hadi Mwanza, na huko ndiko alikokuwa amejifunza Kiswahili. Ndiye aliyeinunua redio ile. Usiku, baada ya chakula, wanaume wa kijiji walikusanyika kwake, naye kijana yule wa shule aliruhusiwa kukaa karibu na mlango kwa sharti la kutonyanyua sauti. Wengi wao hawakukielewa Kiswahili vizuri. Mchuuzi alisikiliza, akafasiri kwa Kijaluo, kisha akaongeza maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi maelezo hayo yalikuwa marefu kuliko habari.

Mambo yalipamba moto katika miaka michache iliyofuata. Moscow ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1960. Peking ilifuata mwezi wa Septemba 1961, Sauti ya Amerika mwaka wa 1962, na Köln, kwa niaba ya Ujerumani Magharibi, mnamo Februari 1963. Ghana ya Kwame Nkrumah nayo ilikuwa na matangazo yake, na Dar es Salaam ilisikika vizuri kuliko zote. Katika muda usiotimu miaka kumi, lugha iliyovishwa kibao shuleni ilikuwa ikinenwa hewani na nusu ya wakubwa wa dunia. Kijana yule hakuweza kuacha kujiuliza: ikiwa lugha hii ni ya watu duni, mbona wakubwa wanahangaika hivi kuisema?

Madola hayo hayakuhangaika kwa mapenzi ya fasihi. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha angani Sputnik, satelaiti ya kwanza iliyoundwa na binadamu. Marekani ilishtuka, na mwaka uliofuata Bunge lake likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Sheria hiyo ilitoa fedha za kufundisha sayansi na hisabati, na pia lugha za kigeni ambazo Wamarekani wachache walizijua. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofaidika. Upande wa pili, Kiswahili kilikuwa kimeanza kufundishwa Leningrad tangu miaka ya 1930, na mnamo 1961 ilitolewa Moscow kamusi ya Kiswahili na Kirusi chini ya uhariri wa D. A. Olderogge. Katika mwaka huo wa 1961 Rais John F. Kennedy aliunda jeshi la vijana wa kujitolea lililoitwa Peace Corps, na Tanganyika ikawa mojawapo ya nchi za kwanza kuwapokea. Hivyo basi, kabla bendera ya Kenya haijapandishwa tarehe 12 Desemba 1963, katika miji ya ng'ambo walikuwako vijana waliokuwa wakikesha kukariri ngeli za Kiswahili.

Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa angali kijana wa shule, alinunua daftari. Kila usiku aliandika humo maneno mapya aliyoyasikia, na kando ya kila neno akaandika jina la mji uliolitamka. Beberu, aliandika: Moscow na Peking. Ukombozi: Cairo na Accra. Ulimwengu huru: Washington. Kibaraka: kila mmoja kwa mwenziwe.

Daftari hilo lilimfunza jambo ambalo hakuna mtu aliyemfundisha darasani, nalo ni kwamba maneno hayo hayakushuka kutoka mbinguni wala hayakutoka Urusi. Beberu, kabla ya kuwa mkoloni, ni mbuzi dume, mwenye nguvu, mwenye harufu, asiyejali ua wa jirani. Bepari ni mfanyabiashara, na neno lenyewe lililetwa pwani na wachuuzi kutoka Bara Hindi karne nyingi kabla ya Karl Marx kuzaliwa. Kabaila, lenye asili ya Kiarabu, alikuwa mtu wa ukoo mkubwa mwenye kuheshimiwa, na siasa ndiyo iliyomgeuza kuwa mwenye ardhi anayewanyonya wengine. Mapinduzi yanatokana na kupindua, kitenzi kinachofahamika vyema na kila baharia ambaye chombo chake kimewahi kupigwa na wimbi. Na huru alikuwa mtu asiye mtumwa. Umati ulipopaza sauti kudai uhuru, ulikuwa ukitumia neno ambalo watu wa pwani walilipima kwa minyororo halisi, wala si kwa nadharia ya katiba.

Baadhi ya istilahi zilileta vichekesho. Mama mmoja mkongwe, aliposikia habari za Vita Baridi, aliuliza kama watu wa Ulaya hupigana wakati wa theluji pekee. Mchuuzi alimjibu kwamba ni vita ambavyo wenyewe hawapigani. Mama akasema, basi lazima wako watu wengine wanaopigana kwa niaba yao. Haikupita miaka mingi Kongo ikathibitisha maneno yake. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, aliuawa tarehe 17 Januari 1961, miezi saba tu baada ya uhuru, na usiku habari hiyo ilipotangazwa kila redio iliisimulia kwa namna yake. Mwalimu anakumbuka kwamba kifo kilikuwa kimoja lakini wauaji walibadilika kulingana na mji. Hapo ndipo alipoanza kusikiliza redio zaidi ya moja kila usiku, akizilinganisha. Katika maisha yake marefu ya ualimu hajaona zoezi bora zaidi la ufahamu.

Wakati huo njia za vijana wa Kenya zilikuwa zimegawanyika. Tom Mboya, akishirikiana na marafiki wa Marekani, wakiwemo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, alifanikisha safari ya ndege iliyowachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York mnamo Septemba 1959. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari hizo ziendelee, na miongoni mwa waliovuka bahari mwaka huo wa 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mnamo 2004. Jaramogi Oginga Odinga, kwa upande wake, alifungua mlango wa mashariki. Vijana wake hawakupanda ndege Nairobi, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikuwa tayari kuwapa pasipoti za kwenda nchi za kikomunisti. Walipenya Uganda, wakapanda Sudan hadi Cairo, na kutoka huko wakasambazwa Moscow, Prague, Berlin Mashariki na kwingineko.

Kaka yake Mwalimu alikuwa mmoja wa hao wa mashariki. Aliondoka mwaka wa 1962 akiwa na shati mbili na barua moja ya utambulisho. Miezi mingi ilipita kabla ya habari zake kufika, na zilipofika zilikuwa katika bahasha yenye stempu za Kisovieti. Barua ile haikueleza juu ya Kremlin wala juu ya mwanaanga Yuri Gagarin, kama ilivyotarajiwa. Ilieleza aibu.

Wiki yake ya kwanza Moscow, kijana mmoja wa Kirusi alimjia ukumbini akamsalimu kwa Kiswahili safi, akamuuliza habari za safari na hali ya wazee wake. Kaka alijibu kwa Kiingereza. Mrusi akaendelea kwa Kiswahili, akamtajia methali na kumwomba amweleze maana yake ya ndani, kwa kuwa mwalimu wao hakuwa amewahi kufika Afrika. Kaka hakuijua methali ile. Alijua Kijaluo cha nyumbani, alijua Kiingereza cha shule, na katika Kiswahili alijua maneno ya sokoni tu. "Nimevuka mipaka mitatu kuitafuta elimu," aliandika, "nikaulizwa habari za lugha ya Afrika nikawa bubu mbele ya Mzungu. Nitumie kurasa za daftari lako."

Tangu hapo daftari likawa na wenyewe wawili. Mwalimu alinakili maneno akayapeleka Moscow. Kaka, aliyekuwa akisomea uhandisi wa maji, alirudisha maswali: Kiswahili kina neno gani kwa mgandamizo? Sehemu ile ya pampu inayofungua na kufunga maji wavuvi wa Mwanza huiitaje? Azma yake ilikuwa kwamba siku atakaporudi angeandika kitabu kidogo cha kuwaeleza wanakijiji jinsi ya kutunza pampu, na kingeandikwa kwa lugha ambayo fundi wa Kisumu na fundi wa Mwanza wangeisoma pamoja.

Ndovu, hata hivyo, hawakuwa na heshima kwa wageni waliowaalika nyumbani kwao. Mwaka wa 1961 balozi wa Chad alinyimwa huduma katika mkahawa mmoja wa Maryland, kando ya barabara inayoelekea Washington, kwa sababu ya rangi yake, ilhali Sauti ya Amerika ilikuwa ikijiandaa kuwaeleza Waafrika habari za uhuru kwa lugha yao. Desemba 1963, baada ya kifo cha kutatanisha cha mwanafunzi wa Ghana, wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu wakipinga ubaguzi, katika mji ule ule uliokuwa na chuo kikuu kilichopewa jina la Lumumba. Waliokwenda magharibi na waliokwenda mashariki waliandika barua zilizofanana kuliko wafadhili wao walivyotaka kuamini.

Nyumbani nako mambo yaliharibika. Februari 1965 Pio Gama Pinto aliuawa. Aprili mwaka huo meli ya Kisovieti ilitia nanga Mombasa ikiwa na silaha, na Rais Jomo Kenyatta akazikataa. Taasisi ya Lumumba iliyofunguliwa karibu na Nairobi mwishoni mwa 1964 ili kuwafunza makada wa chama ilifungwa kabla ya kutimiza mwaka. Mnamo 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais akaunda chama cha KPU. Maneno yaliyokuwa katika daftari yalianza kubadilika uzito. Mtu aliyesema ubeberu mbele ya watu alihesabiwa kuwa wa upande fulani. Baadhi ya machapisho kutoka China yalipigwa marufuku. Neno lilikuwa limegeuka kuwa kadi ya chama.

Kaka alirudi mwaka wa 1968 na shahada yake. Ofisi moja ilimwambia kwamba shahada hiyo haieleweki. Nyingine ilimwambia arudi baada ya mwezi, na alirudi kwa miezi saba. Mwishowe alipata kazi ya kufundisha fizikia katika shule ya harambee, ambako mshahara ulitegemea kama wazazi wamevuna. Alikuwa bado ana wazo la kitabu cha pampu, na daftari lilikuwa chanzo chake.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi jijini Nairobi akafa. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo Rais Kenyatta alifika Kisumu kuizindua hospitali kuu mpya ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, na ambayo wenyeji wameizoea kwa jina la Russia. Palizuka majibizano makali baina yake na Odinga, umati ukachafuka, na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni watu 11; wakazi wengi wa Kisumu hawajaikubali hesabu hiyo hata leo. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga pamoja na wenzake wakatiwa kizuizini.

Usiku wa wiki ile uvumi ulienea kwamba nyumba zitapekuliwa. Mwalimu alikuwa ameajiriwa, ana mke na mtoto mchanga, na ana kaka aliyesoma Moscow. Alizikusanya kalenda za Peking, majarida ya Moscow, na picha alizotumiwa na redio kwa kuwa msikilizaji mwaminifu. Aliyatupa motoni hata majarida ya Marekani, kwa sababu alihofu askari asiyesoma hangetofautisha. Kisha akalitazama daftari. Kando ya kila neno palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: Moscow, Peking, Cairo. Mwandiko huo, ambao ulikuwa uaminifu wa kisomi, ungeweza kuwa ushahidi mahakamani. Akalitia motoni.

Kaka yake alikuwa amesimama karibu. Hakumzuia wala hakumlaumu. Alisema tu, "Kitabu changu nacho kimekwenda." Kitabu hicho hakikuandikwa kamwe. Kaka alifundisha fizikia mpaka alipostaafu, akafariki mwaka wa 1998 katika hospitali ileile ya Russia, ilhali nchi iliyoijenga ilikuwa imeondoka duniani miaka saba kabla yake.

Nyumba ya Mwalimu haikupekuliwa. Askari hawakuja usiku ule wala usiku mwingine wowote. Jambo hili ndilo linalomkera hadi leo, kwamba aliyechoma daftari si serikali bali ni yeye. Hofu ilifanya kazi ya mpekuzi bila kulipwa.

Katika simulizi hii kuna funzo kwa wanafunzi wa Kiswahili, na funzo lenyewe si lile la kuwalaani ndovu pekee. Sauti zile za Cairo, London, Moscow na Peking zilikuwa za akina nani? Aghalabu zilikuwa za wana wa Zanzibar, Mombasa, Tanganyika na kwingineko Afrika Mashariki, walioajiriwa ng'ambo na kukaa katika vyumba vya studio usiku wa manane. Mbele yao paliwekwa karatasi yenye habari kwa Kiarabu, Kiingereza, Kirusi au Kichina, na saa ilikuwa inakwenda. Mwenye redio aliamua kitakachosemwa, lakini wao waliamua kitasemwaje. Kulipa dola kubwa jina la mbuzi dume ni ubunifu wa mjuzi wa lugha aliyejua kwamba msikilizaji wa kijijini atacheka, ataelewa na hatasahau. Wengi wa wafasiri hao hawatajwi katika vitabu vya historia ya Kiswahili, ingawa waliitia lugha hii katika karne ya ishirini kabla ya mabaraza na tume kuundwa.

Tanzania ilionyesha kwamba urithi huo ungeweza kushikwa na wenyewe. Ilipokea misaada ya pande zote, na mnamo 1965, Ujerumani Magharibi ilipotaka kutumia misaada kuiamulia ihusiane vipi na Ujerumani Mashariki, Julius Nyerere aliona afadhali kuikosa misaada hiyo kuliko kuamuliwa. Azimio la Arusha la 1967 liliandikwa kwa Kiswahili, na mjadala wa ujamaa ukaendeshwa kwa lugha ambayo mkulima aliweza kuitumia kukubali au kukataa. Hili lisipambwe kupita kiasi. Maneno yaleyale matamu yalitumiwa pia kuwahamisha wanavijiji kwa nguvu katika miaka ya 1970, na kuita mtu kupe au mnyonyaji kulitosha wakati mwingine kumfunga mdomo. Lakini walau ugomvi ulikuwa katika lugha ya wagombanao.

Kenya ilichukua njia ndefu zaidi. Bunge lake liliendeshwa kwa Kiingereza tangu uhuru hadi Julai 1974, Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumiwe, na hata hapo miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika ngazi zote za shule mpaka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Kikawa lugha rasmi kwa mujibu wa katiba mnamo 2010, takribani nusu karne baada ya Moscow na Peking kukifanya lugha ya kazi katika studio zao. Mcheza kwao hutunzwa, husema methali. Kiswahili kilitunzwa kwanza na wageni, na kwa sababu zao.

Kwa sababu zao: hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Mgeni hujifunza lugha ya mwenyeji kwa haja, na haja hubadilika. Redio ya China, iliyosikika mwaka wa 1961 kwa mikwaruzo, ilifungua kituo chake cha FM mjini Nairobi mnamo Januari 2006, mwezi mmoja hivi baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kupata Taasisi ya Confucius, ambayo ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Mwelekeo umeanza kugeuka: sasa kijana wa Kenya ndiye anayekariri Kichina. Upande mwingine, Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha matangazo ya Sauti ya Amerika, na idhaa yake ya Kiswahili iliyoanza mwaka wa 1962 ikanyamaza. Hakuna aliyeulizwa Kisumu wala Mwanza. Unesco ilipoitenga mnamo 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, lilikuwa jambo la fahari. Lakini fahari inayotolewa na wengine haitoshi kuandika kitabu cha pampu.

Mjukuu wa Mwalimu alisikiliza haya yote hadi taa ikawashwa. Kisha alitoa daftari jipya mkobani, akamwomba babu yake amtajie maneno anayoyakumbuka kutoka kwa lile lililoungua. Mzee alifumba macho. Maneno yalianza kuja polepole, moja moja, bila mpangilio wa alfabeti. Baadhi yalimponyoka akaapa kwamba yatarudi usingizini. Walipofika kumi na manane binti aliuliza, kwa uangalifu, kama aandike pia majina ya miji kando ya maneno.

Mwalimu alinyamaza kwa muda, akiitazama redio.

"Andika, mjukuu wangu," akasema. "Hakuna wa kumwogopa tena. Lakini kwanza andika kwamba beberu ni mbuzi dume. Moscow ifuate nyuma."